Sura ya Nne: Swali Aliloulizwa Mbwa

Kesi ilikuwa na mtuhumiwa, ilikuwa na ugomvi, na ilikuwa na mbwa. Kilichopungua ni maiti tu, na mkuu wa kituo alikuwa na hakika kuwa nayo ingejitokeza kabla ya chakula cha mchana.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia Inspekta, akilifunga jalada kwa kiganja kama mtu anayeua nzi. "Mkwe kagombana na baba mkwe wake juzi usiku, majirani wote wamesikia. Jana asubuhi mzee katoweka. Jioni mbwa kanusishwa shati la mzee, katoka nalo puani moja kwa moja hadi karakana ya mkwe, kakaa mlangoni. Unataka nini tena, Mama Kwanini? Barua ya kukiri yenye muhuri?"

Jina hilo Inspekta alipewa mwaka wake wa kwanza kazini. Sasa ilibaki miezi minane astaafu, na hata wezi walimwita hivyo mbele ya hakimu. Alivuta kiti, akaketi, akalegeza kamba za kiatu cha kushoto.

"Namtaka mzee," alisema. "Dawa zake za sukari ziko mezani kwake, vidonge vya jana na vya leo. Mtu wa miaka sabini na minne, siku ya pili hii bila dawa na labda bila maji. Kwa nini tunatafuta maiti wakati pengine bado kuna mtu?"

"Kwa sababu mbwa hasemi uongo."

"Sijasema amesema uongo. Nauliza tulimuuliza nini."

Mkuu wa kituo alitazama saa ya ukutani. "Saa sita kamili naleta watu wa sururu, tunaipasua sakafu ya karakana. Mpaka hapo, uliza utakacho."

* * *

Mkwe alikuwa pande la mtu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi hadi kwenye viwiko, ungedhani amevaa soksi mikononi. Benchi la chumba cha mahojiano lililia alipojisogeza.

"Mligombania nini?" Inspekta aliuliza.

"Kisanduku cha vifaa, Afande. Nilikificha."

"Kwa nini?"

"Mzee alikuwa fundi wa lifti. Amestaafu, lakini amestaafu kwenye karatasi tu, mikono haijapata habari. Mwezi uliopita nimemkuta juu ya paa la jirani anafunga antena. Nikamwambia, baba, ukianguka mimi ndiye nitakayeulizwa. Na kweli naulizwa, wala hata hajaanguka!"

"Ulikificha wapi?"

"Uani, nyuma ya tangi la maji."

"Bado kipo?"

"Nitajuaje, Afande? Mmenifunga."

Inspekta aliandika. Alikuwa na mwandiko mdogo, uliobanana kama siafu. "Lile shati la mzee tulilompa mbwa. Uliwahi kulivaa?"

"Mimi?" Alijigonga kifua. "Shati la mzee halinitoshi hata kwenye mkono."

"Nani hulifua?"

"Mke wangu."

"Nani hulipiga pasi?"

Hapo ndipo jambo la ajabu lilipotokea. Mtu aliyekaa selo usiku kucha akishukiwa kuua, asitikisike, alianza kutoka jasho juu ya mdomo.

"Mke wangu," aliviambia viatu vyake.

Miaka thelathini Inspekta alikuwa amesikiliza uongo wa kila rangi. Watu walimdanganya kuhusu walikolala, waliolala nao na walichokunywa kabla ya kulala. Uongo wa pasi ulikuwa wa kwanza. Alichora mstari chini ya neno hilo, akasimama.

"Konstebo! Mlete mbwa garini. Tunakwenda nyumbani kwa mzee."

* * *

Mbwa mwenyewe aliitwa Karani, kwa sababu hakuna kitu kilichoingia kituoni bila yeye kukipigia muhuri wa pua. Alikuwa na rangi ya chai iliyozidi maziwa, sikio moja limesimama na jingine limelala, kana kwamba yanapokezana zamu. Konstebo aliyemtunza, kijana mwenye shingo ndefu, alimsifia mpaka povu: kwamba aliwahi kunusa ugomvi wa mume na mke siku mbili kabla haujaanza, na kwamba mwizi mmoja wa kuku alijisalimisha kwa simu baada ya kuota tu kwamba Karani anapiga chafya.

"Mbwa huyu anaona yasiyoonekana, Afande," alisema njiani.

"Asiyeonekana leo ni mzee mmoja. Kama anamwona, atuambie."

"Sitanii, Afande. Mama yangu alipougua, Karani alilia kabla simu haijaita."

"Na wewe ulikuwa huna wasiwasi naye?"

"Nilikuwa nao tangu wiki iliyopita."

"Basi alinusa wasiwasi wako. Jasho la hofu si sawa na jasho la jua, mwanangu. Kwa nini unampa mbwa utume wakati pua inamtosha?"

Konstebo aligeukia dirisha kama mtu aliyeahirisha ubishi, si kama aliyeshindwa.

Binti ya mzee aliwafungulia mlango akiwa na macho mekundu. Vidonge vilikuwa pale pale mezani, viwili viwili kwenye kisosi. Inspekta alivitazama, kisha akaenda uani bila kuvua kiatu. Nyuma ya tangi la maji palikuwa na vumbi la miezi, na katikati ya vumbi, umbo la pembe nne lililo safi, lenye ukubwa wa kisanduku. Kisanduku chenyewe hakikuwepo.

"Mtu anayeburutwa kwenda kuuawa habebi vifaa vyake," alisema. "Huyu alikwenda kazini."

"Kazi gani, Afande?" Binti alisema. "Hakuna anayempa kazi tena."

"Hilo tutamuuliza yeye. Wewe niambie jambo moja, na usinidanganye, maana mumeo amenidanganya na uongo huo unaweza kumgharimu. Humu ndani nani anapiga pasi?"

Binti aliziba mdomo. Katika huzuni yake yote, kicheko kilipita katikati ya vidole.

"Afande, naomba lisiandikwe."

"Sema."

"Ni yeye. Kila Jumapili. Ananyoosha mpaka soksi. Mimi nikishika pasi naunguza. Lakini aliniapisha nisimwambie mtu, maana mafundi wenzake wakijua watamwita Bibi Pasi mpaka azikwe."

"Na maji ya kulainisha nguo ananyunyiza na nini?"

"Chupa ya kunyunyizia ilipasuka mwaka jana. Anajaza mdomo, halafu anapuliza, pfuuu! kama tembo anayeoga. Anasema chupa haiwezi kutoa ukungu mwembamba vile."

Inspekta alimgeukia konstebo, ambaye shingo yake ilikuwa imeanza kurefuka zaidi.

"Umesikia? Shati limefuliwa kwa sabuni, limekauka juani, halafu limetemewa mate ya mkwe kutoka kola hadi pindo. Tukampa Karani, tukamwambia: tafuta mwenye hili. Akamtafuta mwenye hilo. Akampata!"

"Hakukosea," konstebo alisema polepole.

"Hakukosea. Ila hilo ni neno langu, na mkuu wa kituo hali maneno. Piga simu wamlete mkwe hapa, na pingu zake."

Kisha akamwambia binti, "Sasa nipe kitu cha baba yako ambacho hakuna mwingine anayekigusa humu ndani. Hakuna kabisa."

"Kofia... hapana, mume wangu huipiga brashi. Viatu pia huvipaka rangi yeye. Shuka natandika mimi." Alifikiri. Pua yake ilikunjamana. "Kuna meno."

"Meno?"

"Meno ya bandia ya zamani. Alipewa mapya juzi juzi, lakini anasema mapya ni ya kusalimia watu tu. Ya kulia nyama ni yale ya zamani. Juzi usiku aliyavaa. Yako kwenye kopo kando ya kitanda, na Afande, mimi ni mwanawe wa kumzaa, lakini kopo lile sijawahi kulifungua."

Inspekta alivaa glavu. Kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu.

* * *

Jaribio lilifanyika uani, saa nne kasoro. Wanaume watano walipangwa ukutani: polisi wawili, majirani wawili, na mkwe aliyefunguliwa pingu kwa dakika tano. Konstebo alifungwa macho kwa taulo la jikoni.

"Afande, hii ya nini? Mimi siye mtuhumiwa."

"Wewe unajua mkwe ni yupi. Ukijua wewe, mkono wako unajua, kamba inajua, na mbwa anaisoma kamba kama gazeti. Nataka anuse yeye, si wewe."

Aliwabadilisha wanaume wale nafasi mara mbili, kimya kimya kwa ishara za kidole. Kisha shati likatolewa kwenye mfuko. Karani alilinusa, akapita mbele ya mstari, akampita wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mbele ya mkwe akakaa kitako.

"Naam," Inspekta alisema. "Mkwe, pasi yako inakusalimu."

Uso wa mkwe uliiva. Jirani mmoja alikohoa kikohozi kisichokuwa na ugonjwa. Binti alitazama mawingu.

"Si jinai kunyoosha nguo," Inspekta alimwambia. "Kungekuwa ni jinai, jela zingekuwa na watu nadhifu sana. Kwa nini ulinificha?"

"Aibu, Afande."

"Aibu yako imemkalisha baba mkwe wako usiku mmoja zaidi huko aliko. Kaa hapo."

Likafunguliwa kopo. Karani aliingiza pua, akaitoa, akapiga chafya, akairudisha. Safari hii aliupita mstari wote wa wanaume bila hata kuwatazama, mkwe naye akapitwa kama mlingoti, na kamba ikakakamaa kuelekea lango la mtaani.

Inspekta aliandika saa kwenye daftari. Halafu akafunga kamba za kiatu.

* * *

Harufu ya jana ni kama fununu. Inapita watu wengi na kila mmoja anaipunguza au kuiongezea. Karani aliifuata akisimama, akirudi, akizunguka. Kwenye duka la vifaa vya umeme aliingia bila kubisha. Muuzaji alikumbuka mara moja: "Yule mzee mcheshi? Jana saa tatu hivi. Kanunua kopo la grisi na fyuzi moja kubwa. Nikamuuliza ni ya nini, akasema ni ya zawadi."

"Zawadi ya nani?"

"Hakusema. Alicheka tu."

Mitaa mitatu mbele, kamba iliingia katika jengo kuukuu la ghorofa tano. Chini palikuwa na duka la fotokopi upande wa kulia, na upande wa kushoto karakana ya seremala ambako mashine ya randa ilikuwa inanguruma mpaka meno yanawasha. Karani alipita kati ya vyote viwili, akafika mwisho wa ukumbi, mbele ya mlango wa chuma wa lifti, akakaa kitako.

Mlinzi wa jengo alitoka nyuma ya ngazi akiwa ameshika kikombe.

"Lifti hiyo imekufa miaka sita, Mama," alisema. "Na huyo mbwa mwondoeni hapo. Mbwa akikaa mbele ya mlango uliofungwa, ujue kuna anachokiona. Pepo hao. Bibi yangu aliniambia."

"Bibi yako alikuwa mkaguzi wa majengo?"

"Alikuwa bibi tu."

"Haya. Unamfahamu mzee mmoja, fundi wa lifti mstaafu?"

"Namfahamu sana! Huja kumsalimia mshonaji wa ghorofa ya tano. Jana alipita hapa na kisanduku chake. Kushuka sikumwona, lakini nilikwenda kunywa chai."

Inspekta alimpa konstebo ishara. Kijana alipanda ngazi mbilimbili, na baada ya muda akarudi akihema.

"Mshonaji yupo, Afande. Mama mtu mzima, magoti yamemkataa, hajashuka ngazi hizi miezi kumi na mmoja. Anasema jana mzee alimpungia mkono tu mlangoni akipita kwenda juu kwenye paa, akamwambia jiandae. Akajiandaa. Akamngoja mpaka jioni. Amekasirika, nadhani. Amesema nikimpata nimwambie asirudi."

"Juu kwenye paa kuna nini?"

"Chumba cha mashine ya lifti," mlinzi alisema. "Lakini nimewaambia, lifti imekufa."

Inspekta alichomoa uzi kwenye pindo la koti lake. Aliushika kwa vidole viwili mbele ya ufa wa mlango wa chuma, chini kabisa karibu na pua ya Karani. Uzi haukuning'inia. Uliinama kuelekea kwake, ukatetemeka.

"Upepo unatoka ndani," alisema. "Nje joto, humu baridi, hewa inashuka kwenye shimo kama maji, na harufu inashuka nayo. Mlinzi, fungua."

Mlinzi alileta ufunguo wa pembe tatu, akauzungusha, akausukuma mlango. Wote wakainama kutazama. Chini palikuwa na dimbwi, karatasi, na kiatu kimoja cha mtoto ambacho hakuna aliyeweza kukieleza. Hakuna mzee.

Konstebo alishusha mabega. "Karani, umeniaibisha."

"Ngoja," Inspekta alisema. "Mlinzi, sanduku la lifti lenyewe liko wapi?"

"Si hilo hap..." Mlinzi alikatika. Kikombe kilimwagika. "Lilikuwa hapa! Miaka sita lilikuwa hapa hapa chini! Mimi naweka mifagio yangu ndani!"

"Na leo asubuhi hukuiona mifagio?"

"Leo... leo nilikuwa sijaanza kufagia."

"Na jana?"

"Mama, hayo ni mambo ya ndani ya jengo."

"Jana umeme ulikatika humu?"

Mlinzi alimtazama kwa hofu mpya, kama anayemtazama mpiga ramli. "Saa nne na dakika kumi. Fotokopi ilizimika, mwenyewe akanitukana mpaka na ukoo. Nikabadilisha fyuzi. Zilikuwa zimeungua nne, nikabadilisha tatu."

"Kwa nini tatu?"

"Ya nne ni ya lifti, Mama. Nani anampa marehemu dawa?"

Inspekta alikuwa ameshaingia karakana ya seremala. Hakuna aliyesikia alichosema, lakini mashine ya randa ilizimwa, na kimya kikaangukia jengo zima.

Walisimama mbele ya shimo, wakasikiliza. Inspekta hakusikia kitu. Konstebo alitikisa kichwa, naye hakusikia. Mlinzi alisikia moyo wake mwenyewe. Lakini Karani alikuwa ameinua uso. Sikio lililosimama liligeuka juu, na lile lililolala, ambalo konstebo aliapa baadaye halijawahi kusimama tangu alipokuwa mtoto wa mbwa, liliinuka polepole likajiunga na mwenzake. Mkia ukaanza kupiga sakafu.

"Anasikia kitu, Afande."

"Kitu gani?"

"Sijui. Mimi na wewe hatukupewa."

Karani alibweka mara tatu ndani ya shimo. Sauti ilipanda ikigonga kuta.

Kisha kutoka juu, mbali, ikaja: tok. Ikanyamaza. Tok, tok.

Mlinzi alishika ukuta. Inspekta aliwasha tochi, na kwa mara ya kwanza watu wote wakatazama juu badala ya chini. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, tumbo jeusi la sanduku la lifti lilikuwa linaning'inia.

Aliitazama saa, akaandika: *Saa tano na dakika ishirini. Mbwa amesikia. Sisi hatukusikia.* Alifikiri kidogo, akaiacha ilivyo.

* * *

Inspekta alimpigia simu mkuu wa kituo awazuie watu wa sururu. Zimamoto walisema gari liko upande wa pili wa mji. Binti alifika na vidonge, chupa ya maji, na mumewe, ambaye sasa hakuna aliyekumbuka kumrudishia pingu. Wakapanda hadi ghorofa ya nne, wakaufungua mlango upana wa mkono. Chini yao, kwenye giza, paa la sanduku lilionekana, na kijiti cha mfagio kikichungulia kwenye tundu la hewa.

"Baba!"

"Usipige kelele," sauti ilijibu, kavu kama karatasi ya msasa. "Mimi siye kiziwi. Ninyi ndio viziwi. Nimegonga tangu jana, seremala ananijibu kwa randa."

Binti aliketi pale pale sakafuni, akalia. Mkwe aliinama kwenye ufa.

"Baba, ni mimi."

"Mwenye kuficha visanduku?"

"Ndiye."

"Vizuri. Nahitaji mtu mwenye nguvu na asiye na maswali. Panda juu kwenye chumba cha mashine. Kwanza zima swichi kubwa ya ukutani, usije ukaniwahisha kwa Muumba. Halafu kuna gurudumu, na mkono wa breki wenye rangi nyekundu. Achia breki kidogo, shika gurudumu, liende taratibu. Nipeleke ghorofa ya tano."

"Ya nne iko hapa hapa, baba! Kichwa chako karibu nakigusa."

"Ya tano."

"Kwa nini ya tano?" Inspekta aliuliza.

"Nani huyo?"

"Polisi."

"Basi andika, Afande: sanduku jepesi hupenda kupanda, maana upande wa pili wa kamba kuna chuma kizito kuliko mimi. Na mlango wa ghorofa ya nne hauendi zaidi ya hapo mlipoufikisha. Ulinishinda hata nilipokuwa na nguvu zangu."

Mkwe aliusukuma mlango kwa bega lake lote. Haukwenda. Akapanda juu.

Ilichukua dakika kumi na mbili. Kutoka chumba cha mashine walimsikia akihesabu kwa sauti kila mzunguko wa gurudumu, na mzee kutoka ndani akimsahihisha. Sanduku lilipanda shubiri kwa shubiri. Kwenye ghorofa ya tano mlango ulifunguka kwa urahisi, kama uliopakwa grisi jana, na kweli ulikuwa umepakwa.

Mzee alikuwa amekaa juu ya kisanduku chake, mgongo ukutani, mfagio mapajani, midomo imepasuka. Binti alimnywesha maji kidogo kidogo kama alivyoelekezwa na muuguzi kwenye simu. Karani alipita katikati ya miguu ya watu wote, akamnusa mdomo mzee kwa adabu, akakaa kitako.

"Ugonjwa wa lifti ulikuwa nini?" Inspekta alichuchumaa mbele yake.

"Fyuzi, Afande. Waliweka fyuzi ya taa kwenye lifti. Nilijua, nikanunua ya sawasawa." Alitoa mfukoni kitu kidogo cha kauri, kipya, kinang'aa. "Ubao wa fyuzi uko chini. Nikalipandisha sanduku mpaka hapa ya tano, nikaingia, nikasema nijaribu kwanza mara moja tu, nitaibadilisha nikishuka. Saa ishirini na tano nimekaa na dawa mfukoni, na mgonjwa wangu yuko chini ya ngazi."

"Na dawa zako mwenyewe mezani," binti alisema, akilia na kugomba kwa pamoja.

Mlango wa pembeni ulikuwa wazi. Mshonaji alikuwa amesimama hapo, mkono mmoja kwenye fremu, amevaa gauni la buluu lililopigwa pasi vizuri kuliko hata kazi ya mkwe. Alikuwa amelivaa jana na leo tena.

"Umechelewa," alimwambia mzee.

"Kulikuwa na foleni."

Mama yule alitaka kukasirika; midomo ilijaribu, ikashindwa.

Gari la wagonjwa lilipofika, wauguzi walitazama ghorofa tano za ngazi, wakatazama machela. Mlinzi alishashuka kuifunga ile fyuzi. Inspekta hakuruhusu mtu aingie mpaka sanduku liende tupu hadi chini na kurudi, mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu, yeye mwenyewe akipima kwa saa. Muuguzi alimpima mzee sukari, akasema imepanda lakini hospitali wataishusha. Kisha wakaingia: mzee, muuguzi, binti, na Karani ambaye hakualikwa. Mshonaji alisimama ukingoni. Alitazama ule ufa mwembamba kati ya sakafu na lifti, akatazama magoti yake, akavuka.

Inspekta alishuka kwa ngazi, kwa sababu lazima abaki mtu nje wa kuandika. Alifika chini wakati mlango ukifunguka. Mchana ulikuwa umejaa ukumbi mzima. Mshonaji alitoka akifumba macho kidogo, akapita fotokopi, akampita seremala aliyesimama na vumbi la mbao kwenye nyusi, akafika barabarani.

Hakurudi ndani. Machela ilipokuwa ikipakiwa nyuma, yeye aliufungua mlango wa mbele, akajivuta hadi kwenye kiti cha kando ya dereva.

"Mama, humo ni nafasi ya muuguzi," dereva alisema.

"Muuguzi ni kijana, atakaa nyuma. Mimi nimekaa ndani miezi kumi na mmoja. Nataka kuona njia."

Binti alimvuta Inspekta mkono. "Afande, huyu mama ni nani? Baba hajawahi kumtaja. Hata siku moja!"

"Hilo halimo kwenye jalada langu, mwanangu. Utamuuliza baba yako akipata nguvu. Na usimfiche kisanduku, atakujibu vizuri zaidi."

Gari liliondoka. Dirisha la mbele lilikuwa limeteremshwa mpaka mwisho, na mkono wa buluu umetoka nje hadi kwenye kiwiko, ukipungia watu wasioujua, na baadhi yao, bila kujua ni kwa nini, wakaupungia.